Injini Haikuchemka

Muuza machungwa aliyeikuta maiti alidhani dereva amelala chini kukagua gari lake. Boneti ilikuwa wazi, gari limeegeshwa vizuri pembeni mwa kona ya tatu ya mlima wa Tegal Wani, na miguu ya mtu imenyooka mbele ya bampa. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Mama yule aliposogea akauona uso, akatupa kapu lake la machungwa na kupiga kelele mpaka watu wa bonde la chini wakatoka nje.

Alikuwa Kerti, dereva wa miaka thelathini, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akigombana. Uso na shingo vilikuwa vimebabuka kwa maji ya moto. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa kifuani. Kisogo kilikuwa kimepasuka, na chini yake palikuwa na jiwe la pembeni mwa barabara lenye damu. Kifuniko cha rejeta kilikuwa kimeanguka hatua moja kutoka mkono wake wa kulia. Simu yake haikuonekana.

Inspekta Wulandari alifika saa moja na robo. Alikuwa mwanamke wa Malang, kule Jawa, aliyekaa kisiwani Bali miaka sita. Kabla hajatoa daftari lake mfukoni, watu walikwisha kumaliza upelelezi: gari limechemsha, dereva kafungua rejeta, mvuke umemrukia, karudi nyuma, kaangukia jiwe. Nani wa kulaumiwa? Hilo nalo lilikuwa na jibu, na aliyelitoa ni mwenye gari mwenyewe, Bwana Suwitra, mwenyekiti wa mtaa.

"Alhamisi gari langu lilikuwa gereji kwa Rentin," alisema. "Kabadilisha pampu ya maji. Leo Jumamosi limechemsha na kuua mtu. Afande, unataka ushahidi gani zaidi? Mimi toka saa kumi na moja alfajiri niko hekaluni naandaa ibada, mara naitwa kuja kuona hivi! Mtu wangu! Mtu wa nyumbani!"

Alilia kweli, machozi yakidondokea shati lake jeupe la ibada, na wengi wakalia naye. Kisha akaaga, kwa kuwa ibada ilikuwa inamsubiri.

Fundi Rentin aliletwa saa mbili kamili. Polisi walimkuta amevaa nguo zake za ibada. Ilikuwa Tumpek Landep, siku ya kuviombea vyuma, na kwa watu wa ukoo wake wa wahunzi hakuna siku kubwa kuliko hiyo. Alikuwa amepanga spana zake zote mezani, juu yake maua, anasubiri maji ya baraka. Akapandishwa nyuma ya gari la polisi hivyo hivyo, na watu barabarani wakamtazama kama mwizi wa kuku.

Alipomwona Kerti chini ya turubai, alichuchumaa kando yake. Walikuwa wamekunywa kahawa pamoja juzi tu.

"Uzembe unaosababisha kifo ni miaka mitano, fundi," Inspekta alimwambia. "Na mwenyekiti anataka gereji yako ifungwe leo hii. Una la kusema?"

"Nina moja, afande. Kerti hawezi kufungua rejeta ya moto."

"Watu hukosea."

"Wengine ndiyo. Huyu kapanda mlima huu na magari mabovu tangu mimi sijaota mvi. Gari likichemsha, anaegesha, anawasha sigara, anamaliza, anawasha ya pili. Ndiyo kwanza anagusa kifuniko, tena kwa kitambaa. Nifunge pingu ukitaka, lakini kwanza niache niliangalie gari."

Inspekta alimwangalia kidogo. "Pingu zitasubiri. Angalia, lakini kila unachogusa unanionyesha."

Rentin akainama juu ya injini. Kisha akamwita kwa kidole.

"Chungulia humu ndani ya rejeta. Unaona nini?"

"Maji ya kijani."

"Yamefika wapi?"

"Juu kabisa. Mdomoni."

"Rejeta ikichemka na kulipuka, afande, inatapika. Ungekuta imepungua theluthi, pengine nusu. Injini yote hii ingekuwa imelowa kijani. Pitisha kidole hapa. Kavu. Na hapa?"

"Vumbi."

"Vumbi kavu. Sasa niambie, shati la marehemu lina rangi gani?"

Inspekta alikwenda mwenyewe, akafunua turubai, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kifua cha marehemu. Shati lilikuwa jeupe na limelowa. Halikuwa na alama yoyote ya kijani wala harufu tamu ya kulanti, yale maji ya kijani ya rejeta. Yalikuwa maji matupu, ya kawaida, ya kuchemshia chai.

Alirudi uso umembadilika. "Unataka kuniambia injini haikuchemka?"

"Haikuchemka leo, wala jana." Rentin alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. "Oili safi, haina maji. Mipira migumu, haijavimba. Mimi maneno yangu usiyaamini, mimi ni mshitakiwa. Mwite fundi yeyote kutoka mjini Bangli, atakwambia hayo hayo. Sasa naomba niliwashe."

"Washa."

Injini iliitika mara moja. Lakini pamoja na mngurumo wake ukatoka mlio mwingine: tok-tok-tok-tok, kama mtu anayegonga mlango kwa haraka. Askari mmoja akacheka kwa dharau. "Haya, fundi! Pampu yako hiyo inabisha hodi!"

Rentin alibana midomo. Akatoa bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye pampu ya maji, mpini akauweka nyuma ya sikio. Akasikiliza. Akahamia kwenye silinda hedi, kisha kwenye jenereta, kisha kwenye kava la plastiki linalozunguka feni. Hapo akasita. Akamwashiria askari yule mcheshi akanyage mafuta. Mlio ukaenda kasi pamoja na injini.

"Njoo usikilize, afande. Weka hapa, nyuma ya sikio, kwenye mfupa. Hii ni pampu. Inasemaje?"

"Inavuma tu. Kama nyuki wa mbali."

"Beringi nzima. Sasa hapa kwenye kava."

Inspekta aliruka nusu hatua. Ule mgoto ulikuwa unaingia mpaka menoni.

"Kuna kitu kimenaswa katikati, mapanga ya feni yanakilamba. Zima!"

Alipeleka mkono taratibu kati ya feni na rejeta, akapapasa, akatoa kizibo cha plastiki chekundu, kinene kama vidole gumba viwili, chenye mpira chini. Ni kizibo cha chupa ya chai, zile zinazokaa katika kila nyumba na kila kibanda cha kahawa. Ubavuni kilikuwa na mikato midogo, myeupe, mipya.

"Kimeanguka leo," Rentin alisema polepole. "Kingekuwa humu wakati Kerti anapanda mlima, feni ingekitafuna chote. Hii mikato ndiyo ya dakika mbili zetu hizi. Kimeingia baada ya gari kuzimwa, boneti ikiwa wazi."

Mtu alikuwa amesimama hapo alfajiri, juu ya Kerti, na chupa ya maji ya moto mkononi.

"Mungu wangu," askari yule akasema, na hakucheka tena.

Inspekta alikitia kizibo katika mfuko. "Basi aliuawa. Kwa nini? Fundi, wewe ulizungumza naye Alhamisi. Alikuwa na hofu? Ana adui?"

"Adui! Kerti?" Rentin alikaa kwenye bampa. "Alikuja na kero mbili. Ya kwanza, ngiiii mbele, hiyo ilikuwa pampu, nikaitoa. Ya pili ilikuwa nyuma. Injini ikifika mwendo fulani, kinaitika kitu huko nyuma: nguuuung. Inaendelea hata ukitoa mguu. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi ni mtoto wa wahunzi. Bati la gari halilii hivyo, bati linapiga kelele na kunyamaza. Hicho kinachoimba muda mrefu ni shaba. Mtu kasahau shaba ndani ya gari lako. Lete Jumapili tulifungue."

Alisema hayo, kisha akasikia alichokisema. Inspekta naye alikisikia. Kijiji kizima kilikuwa na siku kumi na moja kikitafuta kitu cha shaba: sanamu takatifu ya hekalu, ya urefu wa mkono, iliyotoweka chumba chake kikiwa kimefungwa. Vijana watatu wa bonde la chini walikwisha kupigwa kwa kushukiwa tu.

"Liwashe tena," Inspekta alisema.

Rentin alipandisha mwendo taratibu, akashusha, akapandisha tena. Nyuma palikuwa kimya. Nguuuung ya Alhamisi haikuwepo. Wakaenda kwenye buti. Skrubu za ubao wa ubavuni zilikuwa zimelegezwa na kurudishwa mbili tu kati ya sita. Nyuma ya ubao hapakuwa na kitu, ila ukanda wa kitambaa cha njano na cheupe, na vumbi la dhahabu lililong'aa kwenye ncha ya kidole cha Inspekta.

"Kumbe mwizi ni Kerti," askari alisema.

"Mwizi analeta gari gereji asikilizwe alichoiba?" Rentin alimfokea. "Wewe una akili timamu?"

Inspekta hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amerudi mbele, anatazama pambo lililoning'inia kwenye grili, msuko wa makuti machanga ya mnazi, wa njano, mbichi kabisa. Magari yote ya kisiwa yalikuwa yamevaa pambo hilo siku ile.

"Hili lingepigwa na mvuke lingesinyaa," alisema.

"Ndiyo. Na kuna jingine." Rentin alisogea, akaligeuza kwa ncha ya bisibisi. "Tazama lilivyofungwa. Njiti za mianzi. Siku hizi kila mtu anapiga pini za stepla, anamaliza nusu saa. Njiti za mianzi katika kijiji hiki sijui kama zimebaki nyumba tatu."

"Kwa Kerti je?"

"Twende tukamuulize mkewe. Sitaki kwenda, lakini twende."

Walifika saa nne unusu. Uani walikuta jambo ambalo hawakulitarajia: jukwaa la mianzi, kitambaa cheupe, na mwili mwingine umelazwa. Mke wa Kerti, Sulatri, alikuwa amekaa chini anakodoa macho tu.

"Huyu ni bibi yake Kerti," alisema. "Alikata roho jana usiku, saa tatu. Kerti alikesha naye. Saa kumi na moja unusu akaniambia anarudisha gari kwa mwenyekiti, amwambie habari ya msiba na kuomba ruhusa ya siku chache."

"Mwenyekiti hakuwa na habari ya msiba?"

"Angepata wapi? Yeye mtaa wake ni wa juu, sisi wa bonde. Kerti alisema atamwambia uso kwa uso, si adabu kwa simu."

Rentin alichuchumaa mbele yake. "Shemeji, nisamehe kwa swali hili. Gari lilitoka hapa na pambo?"

Sulatri alimwangalia kama amemtukana. "Pambo? Sisi tuna maiti ndani, kaka! Mwenye msiba anagusa sadaka? Nilimwambia hata maua ya deshibodi ya jana ayatoe. Lilitoka hapa tupu."

Inspekta aliandika sentensi hiyo na kuipigia mstari. Miaka sita kisiwani ilikuwa imemfundisha hilo: nyumba yenye msiba haiombi, haisuki, haipeleki kitu mbele ya miungu mpaka itakaswe. Kwa hiyo Kerti hakulivisha gari. Alilivisha mtu mwingine, baada ya saa kumi na moja unusu, naye hakujua kwamba dereva ana msiba.

Saa nane mchana daktari alipiga simu. Kisogo kilipigwa mara mbili, na kitu cha chuma. Maji ya moto yalimwagwa akiwa amekwisha kufa, ndiyo maana ngozi haikutoa lengelenge hata moja.

Saa tisa alasiri walibisha hodi kwa mwenyekiti Suwitra. Inspekta alikuwa ameongozana na Rentin, askari wawili, na Kuhani Lanus, mzee mfupi wa hekalu la kijiji, aliyeambiwa tu kwamba anahitajika. Suwitra aliwapokea barazani. Alipomwona Rentin bila pingu, aliinua nyusi.

"Afande, huyu bado anatembea?"

"Kwa sasa. Nina maswali machache ya kumalizia, mwenyekiti. Gari uliliona lini mara ya mwisho?"

"Jana saa kumi na moja jioni, Kerti alipoondoka nalo. Baadaye ni pale nilipoitwa, nikakuta ndiyo hivyo."

"Pambo lake alilipata wapi?"

"La makuti? Atakuwa kasukiwa na mkewe. Leo Tumpek Landep, Kerti hawezi kuendesha gari tupu. Alikuwa mcha Mungu, maskini."

Wakati huo mama yake Suwitra alitoka jikoni na sinia. Alikuwa ajuza wa miaka themanini, mgongo umepinda, ulimi haujapinda. Wageni kwake hawakai bila kahawa, hata wawe polisi. Chupa ya chai ilikuwa nyekundu, na mdomoni ilizibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa.

"Bibi," Inspekta alisema kwa upole, "mapambo ya magari hapa nyumbani unasuka wewe?"

"Nani mwingine? Wake wa siku hizi wanabana sadaka kwa pini za ofisini, miungu ikitafuna si itachomwa ulimi? Mimi ni mianzi tu. Nimesuka mawili, moja la pikipiki, moja la gari."

"La gari liko wapi?"

"Alichukua mwanangu alfajiri."

Suwitra alifungua mdomo. "Mama, ingia ndani."

"Na kizibo cha chupa hii kiko wapi, bibi?"

"Muulize yeye huyo! Aliondoka na chupa imejaa maji ya moto, ati ya kahawa ya hekaluni, kairudisha tupu na bila kizibo. Nikamwambia umri huu unapoteza kizibo?"

Inspekta aliweka mfuko mezani. Kizibo chekundu kiligonga ubao kidogo. Ajuza akakichukua bila kuulizwa, akatoa jani, akakichomeka. Kikaingia barabara.

"Hiki hapa," alisema kwa furaha. "Mmekiokota wapi?"

Rentin alishindwa kumwangalia.

"Nilikuwa hekaluni," Suwitra alisema. "Toka saa kumi na moja. Kuhani ni shahidi."

Kuhani Lanus alimgeukia. "Ulikuja saa kumi na mbili unusu, mwenyekiti. Nywele mbichi. Ulisema umeoga mara mbili kwa ajili ya ibada."

"Kuhani," Inspekta alisema, "naomba uingie kwenye madhabahu ya nyumba hii. Mcha Mungu hawezi kuficha kitu kitakatifu mahali pengine. Mimi sina ruhusa, wewe unayo."

Mzee alikwenda. Walimsikia akivuta mlango mdogo wa mbao, kisha wakasikia kilio. Alirudi amebeba kitu mikononi kama mtoto mchanga, kimefungwa kitambaa cha njano na cheupe, maua mabichi bado yamebandikwa juu yake. Ilikuwa sanamu ya hekalu. Shingo ilikuwa imekatika, kichwa kinacheza.

Mama mtu aliangusha sinia.

Suwitra hakukimbia. Alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama.

"Sikuiba," alisema. "Nilikuwa naisafisha peke yangu kabla ya ibada. Ikaniponyoka, ikapiga ngazi. Mimi! Mwaka jana si nilimtoa mtu kwenye baraza la mtaa, nikamzuia asisali na wenzake mwaka mzima, kwa sababu aliangusha mwavuli wa hekalu? Mwavuli tu! Ningesimama vipi mbele ya watu wale wale? Nikasema imeibwa. Nikaificha garini, nani atalipekua gari la mwenyekiti? Nilikuwa nangoja ibada ipite niipeleke kwa mhunzi wa mbali."

"Na Kerti?"

"Alipiga simu saa kumi na mbili kasoro. Alikuwa anacheka, afande. Anacheka! Alisimama kutafuta ule mlio, akaikuta. 'Mzee, tumeipata! Mwizi aliificha kwenye gari letu, njoo ubebe sifa mwenyewe.' Nikaenda. Nilimsihi anyamaze. Akasema hawezi, kuna vijana wanapigwa bure. Akageuka kufunga boneti. Spana ya magurudumu ilikuwa pale. Simu yake nimeitupa bondeni."

"Maji ya moto ulikuwa nayo tangu nyumbani," Inspekta alisema. "Hukwenda kumsihi tu."

Suwitra aliinamisha kichwa.

"Na pambo? Kwa nini ulilitundika?" Rentin hakuweza kujizuia. "Mtu amelala chini amekufa, wewe unatundika makuti!"

"Lilikuwa tupu," Suwitra alinong'ona, kana kwamba hilo linaeleweka. "Siku ya leo, ningeliachaje gari tupu?"

Kuhani Lanus alikuwa bado amesimama na sanamu mikononi. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni, lakini sauti yake ilitoka ya mtu aliyechanganyikiwa, si ya hasira.

"Mwenyekiti, kwa nini hukunijia? Hii shingo si mara ya kwanza. Ilivunjika kwa baba yangu, ikavunjika tena kwangu nikiwa kijana, kabla hujazaliwa. Vitu huvunjika. Kuna sadaka yake: bata mmoja, maji, mhunzi anaiunga, tunairudisha."

Suwitra aliinua uso. "Inachukua muda gani?"

"Asubuhi moja," mzee alisema. "Hata saa sita haifiki."

Suwitra alimwangalia, akaiangalia sanamu. Inspekta alilazimika kumshika mikono mwenyewe na kuileta pamoja ili amfunge pingu.